Wimbo Aliotungiwa Golikipa wa Dirma

Ipo siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, na jana jioni ilinirudia yote. Ulikuwa unatusomea kwenye simu yale uliyomwandikia yule beki mchanga wa timu yenu, ukicheka mpaka chai ikakupalia. Nilinyanyuka nikaenda kulala mapema, na mama yako akadhani ni miguu. Haikuwa miguu. Kaa hapa leo nikusimulie, na hiyo simu iweke chini, haitakufa kwa kuachwa kidogo.

Nilikuwa bado sijaolewa. Baba yangu alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyekuja Katesh kuuza chumvi, akaishia kufungua duka. Dukani kwetu walikuja watu wa kila namna: Wairaqw wa Masakta na mahindi yao, wavuvi wa Basotu na samaki wao, na akina mama wa Kibarabaig kutoka Dirma na samli kwenye vibuyu. Hao wa Dirma ndio walionifundisha lugha yao nikiwa mdogo, huku wakinicheka namna ninavyotamka. Nikaijua vizuri, na nilijivuna kwayo, maana mtaani kwetu watoto wengi walikuwa wanaogopa hata kuwasalimia.

Sasa sikia habari ya timu. Enzi za mashamba makubwa ya ngano ya serikali kulikuwa na timu hapa, na ilikuwa timu kweli. Wachezaji walikuwa mafundi wa matrekta na madereva wa mashine za kuvunia, wanaume wenye vifua, wanakula vizuri na mshahara unafika. Jezi zao za njano ukiziona tu unajua leo kuna mtu atalia. Halafu ukaja ule wakati wa soko huria. Mashamba yakayumba, watu wakapunguzwa kazini, mashine zikabaki zimesimama kwenye nyasi, na timu nayo ikafa. Hakuna aliyetangaza msiba. Tuliona tu mbuzi wanalala golini, tukajua basi.

Ulipokatwa mkoa wetu kutoka Arusha, ukaitwa Manyara, watu wa Katesh walisema: Babati wamepata makao makuu, sisi angalau tupate timu. Wafanyabiashara wakachanga, ikakubaliwa wachezaji walipwe kama watu wa kazi, si kupewa soda na kuambiwa asante. Akaitwa kocha, Mwalimu Tluway, Mwiraqw wa Dongobesh, mtu wa maneno machache. Kwenye mkutano alisimama akasema wazi: "Sina hata mchezaji mmoja wa zamani. Nitachukua vijana wabichi. Msimu wa kwanza tutafungwa. Wa pili tutafungwa kidogo. Wa tatu ndiyo mje mniulize."

Watu walipiga makofi sana. Aliyepiga kuliko wote alikuwa kaka yangu Idi, ambaye siku hiyo hiyo alichaguliwa mwenyekiti wa washabiki. Idi alikuwa mtu wa watu, mcheshi, ana sauti, na neno likimfika mdomoni lilikuwa halirudi. Mama yetu alikuwa akimwambia ulimi hauna mfupa, yeye anajibu, "Ndiyo maana unacheza vizuri, mama." Hata mama mwenyewe alikuwa anacheka.

Mwalimu akazunguka vijijini kutafuta vijana. Basotu alipata mvuvi mwenye mbio. Masakta alipata ndugu wawili, wakulima. Na Dirma, kwenye minada ya ng'ombe, alimwona kijana mmoja wa Kibarabaig, mrefu, akidaka fimbo ambazo wenzake walikuwa wanamrushia kwa mchezo. Aliitwa Gidamesh. Alikuwa hajawahi kuvaa viatu vya mpira maishani mwake. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake alifikiri sana kabla ya kumruhusu, kwa sababu kijana akienda mjini ng'ombe wanabaki na nani? Mwishoni aliruhusu. Alimwambia Mwalimu, na mimi ndiye niliyetafsiri pale dukani: "Nakupa mtoto. Mrudishe akiwa mtu."

Kosa letu lilianzia kwenye jezi, mwanangu. Zilishonwa mpya kwa rangi ile ile ya njano, na vijana walipoingia uwanjani wamezivaa, sisi tuliona jezi ile ile tukadhani ni timu ile ile. Tulisahau kwamba ndani mle hakuna tena wale mafundi wa matrekta. Walikuwamo watoto ambao mwezi uliopita walikuwa wanachunga. Mechi ya kwanza tukafungwa. Ya pili tukafungwa. Ya tatu tukatoka sare na watu wakarukaruka wakasema sasa tumeanza. Ya nne tukafungwa vibaya. Mwalimu Tluway alikuwa ametuambia yote haya mkutanini, lakini mtu mwenye njaa hakumbuki alichoambiwa akiwa ameshiba.

Basi ikaja mechi ya Babati. Hiyo unaijua mwenyewe, hata leo mkifungwa na Babati hamli. Uwanja ulijaa, upepo wa mlimani unavuma, vumbi mpaka kwenye meno. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi upande wa goli letu, na karibu yangu walikuja kukaa akina mama watatu wa Dirma, na sketi zao za ngozi na bangili mpaka kwenye kiwiko. Mmoja alikuwa mama yake Gidamesh. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kuja kumwona mwanawe kwa mara ya kwanza kwenye hiyo kazi aliyomruhusu. Nilimwamkia kwa lugha yao, akanishika kichwa. Aliniuliza mwanawe ni yupi, kwa sababu kwa mbali na yale mavazi hakumtambua. Nilimwonyesha. Akatabasamu kama msichana.

Babati wakafunga moja. Wakafunga la pili, mpira wa juu uliochukuliwa na upepo, Gidamesh akaruka ukampita. Lile la tatu lilipita katikati ya miguu yake, na hilo kweli lilikuwa baya, siwezi kumtetea. Hapo Idi akachukua ile spika ya mkono. Kwa utani ule ule wa siku zote alitunga wimbo papo hapo, akautia na mwendo wa kuchezeka:

"Mama Gidamesh, kazaa mlango! Mlango wenyewe, hauna komeo!"

Uwanja mzima ulikufa kwa kicheko. Halafu ukapokea. Ngoma zikaingia, watu wanaimba na kupiga makofi, wazee na watoto, kazaa mlango, hauna komeo. Kwa masikio ya mjini halikuwa tusi zito. Tulikuwa tunataniana vibaya zaidi ya hapo sokoni.

Nikageuka kumtazama mama yake. Mwanangu, yule mama alikuwa anapiga makofi. Kiswahili hakukijua. Alichosikia ni jina la mwanawe, na jina lake yeye mwenyewe, mama Gidamesh, vinatoka kwenye vinywa vya watu wote wale kwa ngoma na furaha. Alidhani wanamsifu. Aliinuka, akawa anapiga makofi na kutikisa mabega namna wanavyocheza kwao, machozi ya furaha yanamtoka. Aliniinamia akaniuliza, "Wanaimba nini juu ya mwanangu?"

Niliangalia chini nikang'oa nyasi. Mmoja wa wenzake, aliyekuwa anauza maziwa mjini na Kiswahili anakisikia, ndiye aliyemwambia sikioni. Niliona mikono ya mama Gidamesh ikisimama hewani. Kisha akaishusha taratibu, akakaa, akafunika uso kwa shuka. Hawakungoja mpira uishe. Waliondoka watatu, mmoja nyuma ya mwingine, na wimbo bado unaendelea nyuma yao.

Kuna jambo Idi hakulijua, na wengi wa mjini hawakulijua. Kwa Wabarabaig, kulitaja vibaya tumbo la mwanamke aliyezaa si ugomvi wa mwanamke huyo peke yake. Ni ugomvi wa wanawake wote. Wana baraza lao, na wanaume hawaingii humo ila yule anayeshtakiwa. Wakikuita huwezi kusema una shughuli. Usipokwenda, watakuachia laana yao, na hakuna mume wala kaka atakayethubutu kukutetea, hata awe na ng'ombe wa kujaza bonde.

Siku chache baadaye wakaja wanawake wanne na fimbo zao, wakasimama mbele ya duka. Baba aliwakaribisha chai wakakataa. Aliwakaribisha viti wakakataa. Walisema tu: aliyeanzisha wimbo aje Dirma, na aje na mtu wa kumtafsiria. Idi akacheka, akasema huo ulikuwa utani tu jamani. Baba hakucheka. Alimwambia, "Umegusa tumbo la mama wa watu. Utakwenda, na dada yako atakwenda na wewe, na mdomo huo utaufunga."

Ila kulikuwa na jambo lingine lililomfanya Idi aende bila kubishana zaidi. Gidamesh alikuwa hajaonekana mazoezini tangu mechi ile. Mwalimu Tluway alikuja nyumbani, akasema: "Idi, mimi nimefundisha mpira miaka mingi. Sijapata mikono kama ya yule kijana. Miguu nitamfundisha, upepo ataujua. Nirudishie golikipa wangu." Akatoka bila kunywa maji. Nadhani hapo ndipo kaka yangu alipoanza kuogopa.

Tulikwenda. Ilikuwa mahali peupe penye nyasi fupi, jua kali, na wanawake wengi wamekaa chini wamezunguka, wanyonyeshao na vikongwe, bangili zinawaka. Idi aliambiwa asimame mbali kidogo, na mimi katikati yao na yeye. Aliyeongea alikuwa bibi mmoja anaitwa Udahoda, mwembamba, jicho moja lina ukungu. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema sentensi, ananingoja niitafsiri, anaendelea. Kwa hiyo yale maneno yote, mwanangu, kaka yangu aliyasikia kwa mdomo wangu mimi.

Bibi Udahoda alisema hivi. "Maradhi yakipita nyumbani kwako yakamaliza ng'ombe wote, unafanyaje? Unakwenda kwa rafiki, unaomba mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Unamchunga. Unangoja akue, unangoja apandwe, unangoja azae. Pengine ndama wa kwanza anakufa, unangoja tena. Zizi hujengwa hivyo. Sasa niambie, kijana wa Katesh. Mtu akimleta mtamba jioni, na asubuhi yake akamwendea na kibuyu anataka maziwa, akapigwa teke, kosa ni la mtamba?"

Idi akasema hapana.

"Zizi lenu la mpira lilikufa, tulisikia. Mkaja kwetu mkaomba mtamba. Tukawapa. Mkamwendea asubuhi na kibuyu. Mlipokosa maziwa mkalitukana tumbo lililomzaa."

Idi akajitetea. Alisema, "Bibi, ni kwa sababu tunaipenda timu. Tunaipenda mno." Niliitafsiri. Bibi Udahoda alimtazama kwa lile jicho zima mpaka nikataka ardhi ipasuke.

"Apendaye ng'ombe huonekana kiangazi," alisema. "Masika kila mtu ni mchungaji."

Wakatoa adhabu: fahali mmoja, mweusi mtupu, asiye na doa, pamoja na asali ya pombe yao. Washabiki walizunguka minada mingi kumtafuta fahali wa namna hiyo, kila wanayempata ana doa tumboni au mkia mweupe, na mtu aliyekuwa amezoea kutoboa masikio ya watu kwa spika sasa anainama kukagua matumbo ya ng'ombe. Baba yangu, swala tano, ndiye aliyenunua asali. Alisema yeye anatoa asali, watakachoipikia ni shauri lao. Fahali akapelekwa, akachinjwa, wanawake wakala, wanaume wakanusa harufu kwa mbali.

Siku hiyo mama Gidamesh alimwita Idi. Alichukua samli akampaka kwenye paji la uso, akamwombea maisha marefu na watoto, na alisema hana neno naye tena. Na ni kweli, hakuwa nalo. Wale watu wakisamehe wamesamehe. Kaka yangu alilia pale mbele za wanawake wote, mtu mzima na ndevu zake. Kisha aliuliza lile lililokuwa linamchoma. "Mama, sasa Gidamesh atarudi lini?"

Yule mama alipojibu alikuwa ananitazama mimi, si Idi, na mpaka leo sijui kama ni kwa sababu ya lugha tu.

"Ameondoka na wajomba zake na ng'ombe, kuelekea kusini kwenye malisho ya mbali. Nilimwambia asubiri haya yaishe. Akaniambia, mama, mimi nikifungwa si kitu, nilikuja kujifunza. Lakini niligeuka nikakuona unapiga makofi. Nilikuona unacheza. Siwezi kusimama tena mahali pale." Akafuta mikono iliyokuwa na samli. "Fahali mliyemlipa ni wangu mimi. Wa kwake hakuna. Hatuna fahali wa jambo kama hilo."

Nilishindwa kutafsiri. Idi akawa ananiuliza, "Kasemaje? Dada, kasemaje?" Nilimwambia njiani, tulipokwisha kupita mabonde yote.

Gidamesh hakurudi. Tulisikia habari zake mara moja moja, yuko huko na mifugo, ameoa, ni mzima. Mama yake alizeeka Dirma bila mwana wa kumfungulia zizi, akawa analetewa salamu na wapita njia. Mwalimu Tluway alitafuta golikipa mwingine, wa kawaida tu. Msimu wa pili tukafungwa kidogo, kama alivyosema. Msimu wa tatu timu ilichukua ubingwa wa mkoa, na Babati wakalala na njaa. Vijana walibebwa mabegani kuzunguka soko lote. Watu walisema Mwalimu ni nabii, na yeye akasema hakutabiri kitu, aliomba muda. Idi alikuwepo uwanjani lakini hakushika spika. Alikaa nyuma ya goli. Mimi nilimletea chai, nikamkuta anamtazama yule golikipa mwingine akishangilia, akaniambia, "Pale angesimama yeye." Kaka yangu alikufa na neno hilo moyoni, Mungu amrehemu, na alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwamba jambo lile halikufanywa na mtu mbaya.

Sasa mwanangu, mimi sikukatazi mpira. Mpira ni raha yetu, na timu yenu mnailipia kiingilio, mna haki ya kununa. Kijana akicheza vibaya, sema amecheza vibaya. Sema mpira ulimpita, sema alichelewa, sema kocha ampange mwingine. Hayo ni maneno ya uwanjani na mchezaji anayajua, yatamuuma na atakua nayo. Lakini ukiiacha miguu yake ukaenda nyumbani kwao, kwa mama yake, kwa kabila lake, kwa sura yake aliyopewa na Mungu, hapo umetoka kwenye mpira. Umeingia mahali ambapo hujui nani amekaa, na wala huna wa kukutafsiria. Zamani wimbo uliishia pale uwanja ulipoishia. Hicho ulichoandika jana kimefika mpaka kwa watu usiowajua, na maji yakimwagika hayazoleki.

Tena kumbuka mlichokubaliana. Timu yenu ilishuka, wakubwa wakauzwa, mkaambiwa inajengwa upya na vijana. Mlishangilia, nilikusikia mwenyewe hapa sebuleni ukisema afadhali, damu changa. Basi mvumilivu hula mbivu, na mbivu haiivi kwa kuzomewa. Anayejengwa hufungwa. Anayejifunza hukosea mbele za watu. Ukisema unaipenda timu, mapenzi yako yaonekane sasa inapofungwa, wakati kukaa pale jukwaani kunauma. Ikishinda itapendwa na kila mtu, haitakuhitaji wewe.

Na kusamehewa, mwanangu, kusikudanganye. Sisi tulisamehewa kwa samli na maombi, na tulikula ugali wetu vizuri jioni ile. Msamaha ulitutosha sisi. Kijana wa watu haukumfikia.

Chukua simu yako sasa. Futa ulichoandika, halafu mwandikie yule beki neno moja la kumtia moyo, hata asipolisoma. Mwenyezi Mungu akulinde ulimi na vidole. Akupe mvua kwa wakati wake na kazi ya mikono yako aibariki. Na kwa kuwa wewe mwenyewe bado hujakomaa, mwanangu, na utakosea mengi mbele za watu, nakuombea upate watu wa kukungoja.